Kubaki Uingereza au kuvuka Atlantiki: wanachofurahia na wanachokosa Waingereza waliohamia Marekani

Swali hili huwajia watu ambao maisha yao Uingereza yamekwisha tulia. Kazi ipo, pasi ipo, watoto wako shule, kisha inatokea nafasi Texas au North Carolina yenye mshahara wa kumkosesha mtu usingizi. Huulizwa kwa Kiswahili pia: na wauguzi wa Leicester, na madereva wa Reading, Wakenya, Watanzania na Wakongomani waliochukua uraia wa Uingereza na ambao sasa wanaitwa na ndugu walioko Minneapolis au Dallas.

Njia ya uhakika ya kulipima ni kuwasikiliza Waingereza waliotangulia. Wamezionja nchi zote mbili, na ajabu ni jinsi wanavyokubaliana. Awe Boston au San Diego, Mwingereza aliyekaa Marekani miaka kadhaa atakutajia raha zilezile na upungufu uleule. Kazi iliyobaki ni kujua lipi kati ya hayo litakugusa wewe.

Nitalinganisha kwa vigezo sita: pesa, afya, muda wa kupumzika, mahali pa kuishi, watu, na mwisho karatasi pamoja na umbali. Kila kimoja nitakitazama kwa pande zote mbili. Kabla ya hapo niondoe jambo moja mezani, maana ndilo linalotajwa kwanza na ndilo jepesi kuliko yote.

Chakula kisikuamulie

Mwulize Mwingereza wa Marekani anakosa nini, ataanza na chai, bekoni ya mgongo, maharage ya kopo yasiyo na sukari nyingi, Marmite ya kupaka mkate, na chokoleti ya Cadbury. Malalamiko haya ni ya kweli. Cadbury inayouzwa Marekani hutengenezwa na Hershey kwa leseni na ladha yake si ileile. Haggis ya Scotland yenye mapafu ya kondoo imepigwa marufuku huko tangu 1971. Hata birika la umeme hukawia: umeme wa nyumba za Marekani ni volti 120, wa Uingereza ni 230, kwa hiyo maji ya chai huchukua karibu mara mbili ya muda.

Lakini haya yote yana dawa. New York kuna duka la Myers of Keswick lililofunguliwa 1985, linalouza soseji na pai za Kiingereza, na mgahawa wa Tea & Sympathy ulioanza 1990. Maduka makubwa mengi yana rafu ya vyakula vya Uingereza, na vingine vinaagizwa kwa intaneti. Kinachoweza kununuliwa kisikae kwenye mizani pamoja na kisichonunulika.

Pesa

*Uingereza.* Kodi ya mapato hukatwa na mwajiri kabla mshahara haujakufikia, na waajiriwa wengi hawajawahi kujaza fomu ya kodi maishani. Bei iliyoandikwa dukani ndiyo utakayolipa. Akiba yako ukiiweka kwenye akaunti ya ISA, faida yake haitozwi kodi. Kinachowasukuma watu kuondoka ni mshahara wenyewe ukilinganishwa na kodi ya nyumba, hasa London na kusini mashariki, ambako familia yenye mishahara miwili ya heshima bado inaweza kushindwa kununua nyumba ya vyumba vitatu.

*Marekani.* Hapa ndipo furaha ya wengi inapoanzia. Mhandisi, daktari, mtaalamu wa kompyuta na muuguzi aliyesajiliwa kwa kawaida hulipwa zaidi, tena kwa tofauti inayobadilisha maisha. Petroli ni rahisi. Texas, Florida na Washington hazitozi kodi ya jimbo kwenye mshahara, ingawa Texas hujifidia kwa kodi nzito ya nyumba na ardhi.

Yapo ya kuzingatia. Kodi ya mauzo huongezwa kwenye kaunta, si kwenye lebo ya bei. Bakshishi ya asilimia 15 hadi 20 mgahawani ni sehemu ya bei, kwa sababu sheria ya shirikisho inaruhusu mhudumu anayepokea bakshishi alipwe na mwajiri dola 2.13 tu kwa saa. Rekodi yako ya mikopo haivuki bahari: umelipa mkopo wa nyumba Leeds miaka 20 bila kuchelewa hata mwezi mmoja, lakini benki ya Ohio itakuona kama kijana aliyeajiriwa jana. Mkataba wa simu, gari, nyumba ya kupanga, vyote vitakuwa vigumu mwaka wa kwanza.

Kisha kuna IRS, mamlaka ya kodi. Mkazi wa Marekani hutangaza mapato yake ya dunia nzima kila mwaka. ISA uliyoiacha Uingereza haitambuliwi kama akiba isiyo na kodi. Ukiwa na akaunti za nje ambazo jumla yake imepita dola 10,000 wakati wowote ndani ya mwaka, lazima uziripoti, na hiyo ni pamoja na ile ya Nairobi au Dar unayojengea nyumba. Ukiuchukua uraia wa Marekani, wajibu huo unakufuata hata ukirudi Uingereza au Mombasa kustaafu. Hili watu hulijua wakiwa wamechelewa.

Afya

Hiki ndicho kigezo kizito kuliko vyote, na ningekuwa na nafasi ya kuandika kimoja tu ningeandika hiki.

*Uingereza.* NHS, huduma ya afya ya umma, ilianza 5 Julai 1948, na tangu siku hiyo mtu anayeishi nchini huingia kwa daktari bila kuulizwa pesa. England hulipisha dawa za cheti kiasi kilekile kwa kila dawa, paundi 9.90, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini hazilipishi kabisa. Udhaifu wake unajulikana na kila mtu: foleni. Orodha ya kusubiri matibabu ya hospitali England ilikuwa na kesi zaidi ya milioni 7 mwaka 2025, na mtu mwenye goti bovu anaweza kusubiri mwaka mzima kwa maumivu. Wanaohama hawaisifii NHS kasi yake. Wanachokikosa ni utulivu wa moyo, kule kuumwa bila hofu ya pili kukaa juu ya ile ya kwanza.

*Marekani.* Mwenye bima nzuri hushangaa kwa furaha. Vipimo ambavyo Uingereza vingesubiri miezi hupatikana ndani ya wiki, daktari bingwa anapigiwa simu moja kwa moja, chumba cha hospitali ni chako peke yako. Kutokana na sheria ya afya ya 2010, kampuni ya bima haiwezi kukukataa kwa sababu ulikuwa na kisukari au presha kabla.

Ila bima ya watu wengi wenye umri wa kufanya kazi huja kupitia mwajiri. Kazi ikiisha, bima nayo inatikisika, mara nyingi siku ambazo mwili nao umechoka. Hata ukiwa nayo, kuna kiasi unacholipa mfukoni kila mwaka kabla bima haijaanza kulipa, na kuna madaktari walio ndani ya mpango wako na walio nje. Waingereza husimulia jinsi walivyokaa na simu mkononi wakiuliza kama gari la wagonjwa lililombeba mtoto lilikuwa ndani ya mpango. Medicare, bima ya serikali kwa wazee, huanza ukiwa na miaka 65.

Jambo moja halisemwi vya kutosha: ukihamia Marekani kwa kudumu, haki yako ya NHS inakwenda na ukaazi, haikai kwenye pasi. Ukija kutembelea jamaa, huduma ya dharura mlangoni ni bure, lakini ukilazwa wodini unaweza kutozwa kama mgeni yeyote. Ukirudi kuishi kabisa, haki inarudi siku hiyohiyo.

Muda wa kupumzika

*Uingereza.* Sheria inampa mfanyakazi wa siku tano kwa wiki likizo ya malipo isiyopungua siku 28, sikukuu zikiwemo. Mama aliyejifungua anaweza kukaa nyumbani hadi wiki 52, na kati ya hizo wiki 39 zina malipo ya kisheria akitimiza masharti. Bosi anakutarajia uondoke Agosti. Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu (isipokuwa Scotland), na 26 Desemba pia, siku ya kula mabaki ya jana na kutazama mpira.

*Marekani.* Hakuna sheria ya shirikisho inayomlazimisha mwajiri kutoa hata siku moja ya likizo yenye malipo. Wengi hutoa, siku 10 au 15 kwa anayeanza, na mara nyingine siku za ugonjwa zimo humohumo. Sheria ya likizo ya familia ya 1993 inatoa wiki 12 za kulea mtoto mchanga, bila malipo, tena kwa aliyefanya kazi mwaka mzima kwenye kampuni yenye watu 50 au zaidi. Majimbo kama California na New York yana mipango yao yenye malipo, kwa hiyo jimbo utakaloliendea lina uzito kuliko nchi. Isitoshe, karibu kila mahali mwajiri anaweza kukuachisha kazi leo bila notisi.

Upande wa furaha upo, na ni haki kuusema. Waingereza wengi hupenda mwendo wa kazi wa Marekani: wazo jipya linasikilizwa hata likitoka kwa mgeni, kijana hupandishwa cheo bila kungoja mzee astaafu, na aliyeanguka kibiashara hachekwi akijaribu tena. Thanksgiving, Alhamisi ya nne ya Novemba, huwaingia moyoni haraka, kwa sababu ni sikukuu ya kula na jamaa bila zawadi za kununua.

Mahali pa kuishi

*Uingereza.* Nyumba ni ndogo, mashine ya kufulia imebanwa jikoni, nguo zinaanikwa juu ya hita. London iko kaskazini kuliko jimbo lolote la Marekani isipokuwa Alaska, ndiyo maana Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Lakini toka mlangoni kwako kwa miguu, na ulimwengu uko wazi. England na Wales zina kama kilomita 225,000 za njia za umma zinazopita mashambani, katikati ya ng'ombe na ngano ya mtu binafsi, na hakuna mwenye haki ya kukufukuza. Mtoto wa miaka 12 hupanda basi kwenda shule peke yake. Mzee hutembea hadi pabu ya kijiji, akakaa na glasi moja saa mbili, akarudi.

Bastola zilipigwa marufuku baada ya mauaji ya watoto wa shule huko Dunblane mwaka 1996, na mzazi wa leo hata halifikirii jambo hilo anapomwacha mtoto getini.

*Marekani.* Nafasi! Hilo ndilo neno la kwanza la karibu kila aliyehama. Nyumba yenye chumba cha kufulia, mashine ya kukausha nguo, kiyoyozi, uwanja wa nyuma wa kuchomea nyama, na jua. Kwa anayependa mandhari, hakuna nchi iliyojaliwa kama hii: Yellowstone, hifadhi ya taifa tangu 1872, Grand Canyon, misitu ya Oregon, na mkazi hununua kadi ya dola 80 inayomwingiza kwenye hifadhi zote kwa mwaka. Waingereza wa California huacha kabisa kuzungumzia hali ya hewa, na kwa Mwingereza hayo ni mabadiliko makubwa ya tabia.

Gharama yake ni gari. Nje ya New York, Chicago, Boston na miji michache mingine, kila kitu ni gari: mkate, kanisa, msikiti, rafiki, daktari. Vitongoji vingine havina hata njia ya waenda kwa miguu. Mashamba yamezungushiwa waya na vibao vya onyo. Watoto hubebwa na wazazi hadi wafike miaka 16 na kupata leseni, na mama aliyehama na wadogo anaweza kujikuta mfungwa wa nyumba nzuri. Shuleni watoto hufanya mazoezi ya kujificha mtu mwenye bunduki akiingia. Wazazi wa Kiingereza wanasema hawajalizoea, na sidhani kama ni jambo la kuzoeleka.

Watu

*Uingereza.* Utani. Waingereza humtania wanayempenda, humsifu mtu kwa kumpunguza, na anayejisifu hushushwa haraka. Anayetoka kwenye makabila yenye watani wa jadi anaelewa raha hii bila kufafanuliwa, na anaelewa pia upweke wa kutania mahali ambapo watu wanakuchukulia neno kwa neno. Hili Waingereza hulitaja kama kiu isiyoisha. Upande wa pili, Uingereza ni nchi ya matabaka. Ukifungua mdomo, aliye mbele yako amekwisha kujua umetoka mtaa gani na shule gani, na mlango mwingine umekwisha kufungwa kimyakimya.

*Marekani.* Mlango huo hufunguka. Mtoto wa fundi bomba wa Sunderland na mtoto wa wakili wa Surrey wote wanasikika kama Waingereza tu, na lafudhi yao inapendwa. Nawasikia watu wakisema ndipo walipopumua kwa mara ya kwanza. Jirani mpya huja na keki, mgeni hukusemesha kwenye foleni, sifa hutolewa hadharani. Kuwa na marafiki wengi ni rahisi. Kupata yule wa kumpigia simu usiku huchukua muda zaidi.

Mwingereza mweusi hupita njia tofauti kidogo. Wengi husimulia mshangao wa Wamarekani wanaposikia lafudhi ya London ikitoka kwa mtu mweusi, na heshima inayofuata. Husimulia pia kwamba polisi akisimamisha gari, ngozi huonekana kabla ya lafudhi kusikika. Kuna wanaofurahia kukuta Atlanta au jiji la Washington tabaka kubwa la watu weusi wenye mali, vyeo na vyuo vyao, jambo ambalo Uingereza hawakuliona kwa kiasi hicho. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja.

Kuhusu mpira, anayehama anapata zaidi. Mechi za Jumamosi saa tisa alasiri hazionyeshwi moja kwa moja kwenye televisheni ya Uingereza. Marekani zinaonyeshwa, kama zinavyoonyeshwa Dar na Nairobi. Ila ukiwa Los Angeles, mechi ya mapema huanza saa kumi na nusu alfajiri.

Karatasi na umbali

*Uingereza.* Ukiwa raia, huombi ruhusa ya mtu. Nairobi ni usiku mmoja kwa ndege kutoka London na tofauti ya saa ni mbili au tatu tu, kwa hiyo simu kwa mama ni jambo la kila siku.

*Marekani.* Pasi ya Uingereza inakuingiza siku 90 kutembea, si kufanya kazi. Viza ya H-1B, ya kazi kwa wataalamu, ina kikomo cha mwaka cha 65,000 na nyongeza ya 20,000 kwa waliosoma shahada za juu huko, na tangu Septemba 2025 maombi mengi mapya ya watu walioko nje yalitozwa dola 100,000. Uhamisho ndani ya kampuni yako, viza ya L-1, ni njia tulivu zaidi, na mwenzi wako anaruhusiwa kufanya kazi. Muuguzi lazima afaulu NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi, hata awe na miaka 15 ya NHS. Bahati nasibu ya Grini Kadi, inapokuwa wazi, hutazama nchi uliyozaliwa. Aliyezaliwa Tanga akachukua pasi ya Uingereza huhesabiwa Tanzania. Sheria hizi hubadilika haraka, ziangalie upya siku unayoomba.

Kutoka New York kuna ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways hadi Nairobi tangu Oktoba 2018. Kutoka Dallas au Seattle ni safari ya karibu siku nzima au zaidi, na nyumbani ni usiku wewe ukiwa kazini.

Kwa hali yako

Una miaka 20 na kitu au 30 na kitu, huna mtoto, una afya, fani yako inalipwa vizuri huko: nenda ukaone. Hatari za Marekani huwa nyepesi kwa kijana mwenye bima ya kazini, na furaha zake huwa nzito.

Mnapanga kuzaa ndani ya miaka miwili mitatu: likizo ya uzazi na NHS ni sababu ya kutosha kuahirisha, isipokuwa kampuni inayowachukua ina sera nzuri iliyoandikwa kwenye mkataba.

Una mtoto mwenye maradhi ya kudumu: usikubali kazi kabla hujausoma mpango wa bima wenyewe, dawa yake kwa jina, hospitali yake kwa jina. Mwajiri akisita kukuonyesha, hilo nalo ni jibu.

Una watoto wa miaka 14 au 15: fikiria chuo. Mwanafunzi akikaa nje ya Uingereza miaka 3 kabla ya kuanza chuo anaweza kupoteza haki ya ada ya mwenyeji, ile nafuu ya wakazi wa Uingereza, na vyuo binafsi vya Marekani vinaweza kupita dola 60,000 kwa mwaka. Mkibaki jimboni mkajaza masharti ya ukaazi, chuo cha jimbo ni nafuu zaidi.

Unamtunza mzazi, awe Birmingham au Bukoba: Uingereza inakuweka karibu naye. Wengi waliorudi kutoka Marekani walirudi kwa sababu hii peke yake.

Unabanwa na ukuta usioonekana kazini, kila mwaka unamfundisha kazi atakayekuwa bosi wako: huenda Marekani ikakupa ulichonyimwa. Chagua jiji lenye watu wako na usafiri wa umma, angalau kwa miaka ya kwanza.

Uko kwenye miaka ya 50: hesabu pensheni kabla ya mshahara. Pensheni ya serikali ya Uingereza inahitaji angalau miaka 10 ya michango, 35 kwa kiwango kamili. Ya Marekani inataka kama miaka 10. Nchi hizi zina mkataba unaoruhusu miaka ya pande mbili kuunganishwa ili ufikie sifa, na ukiwa Marekani pensheni ya Uingereza huendelea kupanda kila mwaka, tofauti na aliyestaafu Kanada.

Na kama mmoja ndani ya nyumba anataka na mwingine hataki, ombeni uhamisho wa muda maalumu badala ya wa kudumu. Nyumba ya Uingereza ipangisheni msiiuze, rekodi za michango zihifadhini, na mkubaliane kabla ya safari ni tarehe gani mtakaa chini kuamua upya.